MTOTO HAZALIWI NA BUNDUKI
Wajibu wa wazazi katika kuwakinga watoto na mauaji ya silaha
(Mada iliyotolewa kwa wazazi na viongozi wa walei)

Utangulizi



Waheshimiwa mapadre na watawa, makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, akina baba na akina mama: nimeombwa nizungumze nanyi juu ya watoto wetu na bunduki. Kwa kawaida mada ya namna hii hupelekwa kwa wakubwa, yaani wabunge, machifu na makamanda wa polisi. Hao ndio tunaowauliza kwa nini silaha zimezagaa, na ni haki yetu kuwauliza. Lakini leo hawamo humu ndani. Walioketi humu ni wazazi, na nitazungumza na wazazi.

Serikali inaweza kuja na malori ikaichukua bunduki iliyofukiwa nyuma ya zizi. Tamaa ya bunduki iliyo moyoni mwa kijana haibebwi na lori. Tamaa hiyo iliingia kupitia mlango wa nyumba, na itatoka kupitia mlango huo huo. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni ufafanuzi wake.

Nitatolea mifano maeneo yetu ya wafugaji kaskazini mwa Kenya: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Samburu na Marsabit. Huko ndiko tunakozika.

1. Jinsi bunduki ilivyoingia katika boma

Babu zetu waliibiana ng'ombe kwa mkuki, upinde na mshale. Sitasema kwamba wizi huo ulikuwa mwema; mjane wa mkuki alilia kama mjane wa risasi. Lakini mkuki ulikuwa na mipaka yake. Aliyeushika alilazimika kumkaribia mwenzake na kumwona uso. Alipaswa kuwa mtu mzima mwenye nguvu na mafunzo. Tena hakutoka bila wazee kujua, na wazee walikuwa na uwezo wa kumzuia.

Mwaka 1979 Idi Amin aliangushwa huko Uganda. Askari waliikimbia kambi ya Moroto, na Wakaramoja wakajitwalia silaha zilizokuwa ghalani. Vita vya Sudan vilivyoanza mwaka 1983 vilimwaga silaha nyingine mpakani. Mwaka 1991 serikali mbili zilianguka, ya Mengistu huko Ethiopia na ya Siad Barre huko Somalia, na bunduki za majeshi yao zikatafuta wanunuzi. Zilivuka mipaka usiku juu ya punda na ngamia, zikabadilishwa kwa ng'ombe. Jamii moja ilipopata, jirani yake alisema, "Nami nitajilindaje?" Naye akanunua. Hivyo ndivyo hofu ilivyofanya biashara.

Bunduki iliyoenea zaidi ni ile aina ya AK-47, iliyobuniwa na Mikhail Kalashnikov katika Urusi ya Kisovieti miaka ya 1940. Uzito wake ni takribani kilo 4. Hebu tuufikirie uzito huo. Mtungi wa maji wa lita 5, ambao mtoto wa miaka minane hutumwa nao mtoni, unaushinda. Mkuki ulimngoja mtu akue. Bunduki haimngoji. Ndiyo maana leo tunaweza kumwona mvulana asiyeota ndevu akiwa malishoni, silaha ya vita begani, na watu wakampita wakimwamkia kana kwamba ameshika fimbo.

2. Jinsi watoto wanavyoumia

Tarehe 12 Machi 2001, huko Murkutwo katika Bonde la Kerio, wavamizi waliua zaidi ya watu 50, wanawake na watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Asubuhi ya tarehe 12 Julai 2005, wavamizi wengine walikiingilia kituo cha Turbi huko Marsabit, hata katika shule ya msingi. Zaidi ya watu 50 waliuawa, na zaidi ya 20 kati yao walikuwa watoto wa shule. Baada ya hapo kisasi kilifuata huko Bubisa: gari lililowabeba watu wa jamii ya upande wa pili lilisimamishwa, na waliokuwamo, watoto wakiwa miongoni mwao, wakauawa. Watoto wa pande mbili walilipishwa deni ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelikopa.

Tunapozitaja siku hizo, huwalilia waliouawa, nasi twafanya vema. Lakini mzazi na ajiulize swali moja zaidi: wale waliofyatua risasi walikuwa nani? Walikuwa wana wa watu. Kila mmoja alinyonyeshwa. Kila mmoja alipewa jina, akabebwa mgongoni, akaimbiwa alale. Kati ya mgongo wa mama na asubuhi ile kuna mahali njia iligeuka, na mara nyingi iligeuka nyumbani.

Kuna pia maumivu ambayo magazeti hayayaandiki. Kuna shule zinazofungwa kwa miezi kwa sababu walimu wamekimbia. Kuna mtoto anayelala porini na wadogo zake kila usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa boma laweza kuvamiwa. Kuna risasi inayotoka bila kukusudiwa, baba akisafisha silaha au mtoto akiichezea. Bunduki huwekwa kwa ajili ya adui aliye mbali, lakini aliye karibu nayo kila siku ni mtoto wa nyumba.

3. Mikono mitatu inayompa mtoto bunduki

Wazazi wengi husema, "Mimi sikumpa mwanangu bunduki." Pengine ni kweli kwamba hukuitia mkononi mwake. Lakini iko mikono mingine ya kumpa.

*Mkono wa kwanza ni ulimi.* Mtoto husikiliza jioni anapodhaniwa amelala. Husikia anayesifiwa ni nani. Aliyerudi na ng'ombe wa watu huchinjiwa dume, hupigiwa vigelegele na kutungiwa wimbo. Aliyerudi na cheti cha shule huulizwa, "Sasa cheti hicho kinakamuliwa?" Katika baadhi ya jamii zetu aliyeua huchanjwa alama mwilini ili ushujaa wake uonekane. Na kijana anayekataa kwenda na wenzake huambiwa avae shanga kama msichana. Nani humwambia hivyo? Mara nyingine ni dada yake. Mara nyingine ni mama yake mwenyewe.

Akina mama, niruhusuni niseme jambo mnalolijua kuliko mimi. Miongoni mwa Wapokot na jamii nyingine za Wakalenjin uko mkanda wa mama uitwao leketio, uliopambwa kwa kauri, ambao mama huuvaa kwa ajili ya uzazi. Mwana anapokwenda uvamizini, mama huufunga mkanda huo kiunoni ili arudi salama. Lakini wazee husimulia pia kwamba mama akiuvua mkanda huo na kuuweka kati ya watu wanaopigana, hakuna anayethubutu kuuvuka, na vita hukoma. Mkanda ni ule ule, na mama ni yule yule. Unaweza kuubariki uvamizi, na unaweza kuukomesha. Asiwepo mtu wa kuniambia kwamba mama hana nguvu katika jambo hili.

*Mkono wa pili ni mali.* Baba wa binti akitaka mahari ya ng'ombe wengi kuliko ambavyo kijana na ukoo wake wanaweza kuchunga, anategemea watoke wapi? Kijana hana kazi, na ukame umemaliza kundi la baba yake. Mkwe anataja idadi na hamwulizi atawapata kwa njia gani. Huyo mkwe hakushika bunduki, lakini ameagiza bidhaa yake. Siku hizi wako pia wafanyabiashara wanaowatuma vijana, wakawapa risasi, na ng'ombe wakaonekana sokoni mjini kabla ya machozi kukauka. Mzazi anayepokea fungu lake na kunyamaza amemuuza mwanawe pamoja na ng'ombe wale.

*Mkono wa tatu ni maficho yasiyofichika.* Mzazi husema, "Mwanangu hajui nilipoiweka." Hili limechunguzwa na watafiti huko Marekani, nchi yenye bunduki nyingi majumbani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa vijijini Alabama, uliwauliza wazazi kwanza, kisha watoto wao kando. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui silaha ilipo, asilimia 39 walikanushwa na watoto wao wenyewe. Kati ya waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walikanushwa.

Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2001, ulifanywa Atlanta kwa ruhusa ya wazazi. Wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa wawili wawili au watatu watatu katika chumba chenye bastola ya kweli isiyo na risasi, iliyofichwa ndani ya droo. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliiona bastola, makundi 16 yaliishika, na katika makundi 10 mtoto alijaribu kuifyatua. Karibu wote walioishika walikuwa wamekwisha kufundishwa juu ya hatari ya bunduki. Watoto wale hawakuwa wakaidi kuliko wetu. Mtoto ni mtoto, Atlanta na Lodwar pia: ana macho yanayotafuta na mikono inayojaribu. Tumfundishe, ndiyo, lakini tusimtwike yeye kazi ya kujilinda na kitu tulichokileta sisi.

4. "Nikiitoa, nani atanilinda?"

Najua swali lililo vinywani mwenu, nami sitalipita kando. Baba atasema: "Unaniambia niiache silaha. Jirani ameiweka yake? Polisi watafika saa ngapi, na barabara iko wapi?"

Swali hili lina haki ndani yake. Huko Karamoja, serikali ya Uganda ilianza kukusanya silaha mwishoni mwa mwaka 2001. Wengi walizitoa kwa hiari. Mwaka 2002 majeshi yalihamishiwa kwenye vita vya kaskazini, na waliokwisha kutoa bunduki, hasa Wabokora, wakavamiwa na jirani zao ambao hawakuwa wamezitoa. Hapa Kenya operesheni za silaha zina makovu yao. Mwaka 1984 Wapokot waliteswa katika operesheni wanayoikumbuka kwa jina la Lotiriri. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, wanaume walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, katika operesheni ya kutafuta silaha, na mamia wakauawa. Mwezi wa Februari 2023 serikali ilitoa siku 3 za kusalimisha silaha haramu, kisha ikaanza operesheni nyingine katika kaunti za Bonde la Ufa. Raia anayeliogopa lori la askari kama anavyomwogopa mvamizi hawezi kulaumiwa kwa hofu yake.

Kwa hiyo Tume ya Haki na Amani haimwambii baba aliye peke yake mpakani, "Toa bunduki, Mungu atakulinda," kisha sisi tukarudi mjini kulala penye taa. Haki inaidai serikali ilinde watu wote kwa usawa, ikusanye silaha za pande zote kwa wakati mmoja na bila kutesa, ijenge barabara, na iwashitaki wanaozifadhili biashara hizi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kukingwa na ukatili wa kila namna. Haki hiyo haiishii kwenye lami.

Lakini sikilizeni. Hofu ya baba inaweza kueleza kwa nini bunduki imo bomani. Haiwezi kueleza kwa nini imo mikononi mwa mtoto wa miaka 13. Haiwezi kueleza kwa nini ina risasi ndani na imeegemezwa ukutani wakati watoto wanakula. Haiwezi kueleza wimbo tunaomwimbia muuaji. Mambo hayo hayamlindi mtu. Tunaweza kuyaacha usiku wa leo, kabla jirani hajatoa chochote na kabla serikali haijafika. Nayo ndiyo yanayowaua watoto wetu, na kuwafanya waue.

5. Mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya

*Kwanza, itenganishe bunduki na risasi.* Silaha inayokaa ndani ya nyumba iondolewe risasi. Silaha ifungiwe kwa kufuli mahali pamoja, na risasi zifungiwe mahali pengine, na funguo akae nazo mtu mzima mwenyewe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila moja ya hatua hizi, yaani kufungia silaha, kutoa risasi, kufungia risasi na kuziweka kando, inahusiana na kupungua kwa hatari ya watoto na vijana kujijeruhi au kujiua kwa silaha ya nyumbani. Nawaambia hasa ninyi wenye leseni na ninyi askari wa akiba, kwani mmekabidhiwa na umma. Wala kufuli haiihalalishi silaha isiyo na kibali. Mwenye silaha hiyo ana wajibu wa kutafuta njia ya kuitoa, na nitalirudia hilo punde.

*Pili, mtoto asitumwe na silaha.* Asiibebe, asiisafishe, asiifiche, asiokote maganda ya risasi ili ayauze au kuyachezea. Wala tusifyatue hewani katika harusi na sherehe. Risasi inayopanda hushuka, na mtoto anayetazama hujifunza kwamba mlio huo ni wa furaha.

*Tatu, tujue mtoto yuko wapi na yuko na nani.* Kijana hutoroka na wenzake usiku akarudi baada ya siku nne. Ana viatu vipya na fedha asizozieleza. Baba huona akanyamaza, kwa sababu naye atapata kidogo. Mzazi na aulize usiku ule ule, kabla hajala kilicholetwa. Na kama yuko mtu mzima anayewapa vijana risasi, jumuiya inamjua. Tusiseme hatumjui.

*Nne, tubadilishe sifa.* Hatuwezi kumnyima kijana heshima tukadhani atakaa bure. Ataitafuta kokote inakotolewa. Basi tumpe heshima kwa mengine. Aliyewanywesha mifugo wakati wa ukame bila kupoteza hata mmoja asimamishwe mbele ya watu. Aliyemaliza shule achinjiwe dume. Aliyekataa kwenda uvamizini asifiwe na mama yake kwa sauti, majirani wakisikia. Inahitaji moyo mkuu kukataa mbele ya rika lako kuliko kufyatua ukiwa nyuma ya jiwe.

*Tano, mahari yawe ya halali na ya kiasi.* Wazazi wa binti waulize: ng'ombe hawa wametoka wapi? Viongozi wa walei tutangulie. Haifai mwenyekiti wa parokia ahubiri amani Jumapili, kisha Jumatatu adai kutoka kwa mkwe wake idadi inayojulikana kuwa haipatikani kwa kufuga.

*Sita, tumtunze mtoto aliyeona.* Mtoto aliyeshuhudia baba yake akiuawa huota, hushtuka, hunyamaza, au huwapiga wenzake. Watu wazima humwambia kwa nia ya kumfariji, "Usilie, utakua, utalipiza." Kwa maneno hayo tumeandika hati ya vita vya miaka kumi ijayo. Tumkumbatie, tumwache alie, tumsikilize anapotaka kusimulia, tumrudishe shuleni mapema iwezekanavyo, na anapozidi kuumia tumpeleke kwa mshauri au zahanati. Jina la marehemu litajwe katika sala. Jina la jamii iliyomuua lisiwe wimbo wa kulalia.

6. Kazi ya jumuiya na parokia

Mzazi mmoja ni kama jiko lenye figa moja. Kwa hiyo mambo haya yawe ajenda ya jumuiya ndogondogo.

Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyeliongoza Jimbo la Eldoret tangu mwaka 1990 hadi kifo chake mwaka 2017, alituachia njia. Mwaka 2009 jimbo lake lilichapisha kijitabu kiitwacho Amani Mashinani, kinachoeleza kazi ya amani katika North Rift, ikiwemo ile ya kati ya Wapokot na Wamarakwet. Haikuanzia katika mikutano mikubwa yenye vipaza sauti. Watu wachache wa kila upande walisikilizwa kwanza peke yao, chini ya mti wao. Kisha wachache wa pande mbili wakakutana, kisha wengi zaidi, na uchungu ukasemwa bila kufichwa. Baadaye ikafuata miradi ya pamoja mpakani, kama vile shule na barabara, ili watu wawe na kitu ambacho vita vitakiharibu kwa wote.

Watoto nao wamekuwa walimu wetu. Shirika la Children Peace Initiative Kenya limewakutanisha watoto wa Wasamburu na Wapokot kambini, wakala na kucheza pamoja, kila mmoja akapata rafiki wa upande wa pili. Kisha wazazi wa marafiki hao wakatembeleana, na familia za pande mbili zikaunganishwa kwa mtamba wanayemmiliki pamoja. Nani atakayemwibia jirani ng'ombe ambaye nusu yake ni wake? Huko Marsabit, miaka minne baada ya Turbi, mwaka 2009, Wagabra na Waborana walifikia makubaliano yanayoitwa ya Maikona na Walda, baada ya wazee wao kukutana na kusemezana. Yawezekana, basi. Waliozika watoto wao wamekwisha kuyafanya.

Kwa parokia zetu napendekeza mambo matatu. La kwanza, paroko na wazee wa pande zote, pamoja na chifu, wapange njia ya kuaminika ya kusalimisha silaha, pande zote siku moja, mashahidi wakiwepo, bila mtu kupigwa wala kuaibishwa. La pili, wasimamizi wa ubatizo na kipaimara wakumbuke kwamba hawakuitwa kwa ajili ya picha. Wamtembelee kijana wao, hasa anapokuwa malishoni, na wamjue rafiki yake ni nani. La tatu, nalo ni gumu: ng'ombe wa wizi asipokelewe altareni wala katika harambee ya kanisa. Tukimpokea, tumebariki bunduki iliyomleta, na mtoto aliyeketi benchi la mbele ameona.

Hitimisho

Ndugu zangu, Kaini alipoulizwa aliko nduguye, alijibu kana kwamba swali halimhusu. Sisi tunaulizwa aliko mwanetu. Tukijibu kwamba hilo ni jambo la serikali, au la jirani, au la zama hizi mbaya, tutakuwa tumejibu kama yeye.

Nabii Isaya aliona siku ambayo silaha zitafuliwa kuwa vifaa vya shamba. Kabla ya kufika kwa mhunzi, silaha hizo zilipaswa kwanza kutolewa nyumbani na mtu fulani, mkewe akitazama, watoto wakitazama. Mtu huyo alianza yeye.

Jioni hii kila mmoja wetu atarudi bomani. Baba mwenye silaha na atoe risasi ndani yake, kabla hajaketi kula. Mama anayejua mwanawe anakwenda wapi usiku na asimame mlangoni. Na mtoto atakapouliza kwa nini, aambiwe kwamba yeye ni wa thamani kuliko kundi zima.

Mungu awabariki. 

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayesifiwa mbele ya watoto, na kwa tendo gani? Ni nyimbo au maneno gani tunapaswa kuyaacha?

2. Watoto wa jumuiya yetu hukutana wapi na silaha: nyumbani, malishoni, katika sherehe? Ni nani atakayewajibika kuwaondolea hatari hiyo?

3. Je, mahari tunayodai yanaweza kupatikana kwa njia ya halali? Wazazi walioko hapa wako tayari kukubaliana kiwango gani?

4. Ni watu gani wawili au watatu wa jamii jirani ambao tunaweza kuanza kukutana nao chini ya mti mwezi huu? Nani atatumwa kwao?

5. Ni jambo gani moja utakalolibadilisha nyumbani kwako kabla ya Jumapili ijayo?